Tii kisha uliza, ao uliza mbele ya kutii? Namna ya kupima amri ya muzazi na ya Leta (serikali)

Ile siku baba mukubwa alifika kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, karibu saa mbili ya usiku, kuran (umeme) ilikuwa imekatika tangu asubuyi, na mu mukono alikuwa na bahasha ya kaki. Akatoa karatasi, akaiweka pa meza, akasema "Mutoto, weka mukono hapa chini, kesho mapema naipeleka." Mujue kama baba mukubwa, kwetu, haiko muntu wa kuuliza-uliza. Baba yangu alikuwa amekufa miezi mine mbele, na yeye njo alisimamia kilio yote, yeye njo alilipa sanduku, yeye njo aliongea ku makaburi. Nikachukua kalamu. Nikawasha tochi ya telefone juu nione fasi ya kuweka mukono, na mu ule mwangaza njo niliona neno moya ya Kifaransa ku mustari wa tatu, neno ya kuuza. Ilikuwa parseli ya baba, ile yenye tunakaa mpaka leo, na miti yake mbili ya maembe.

Nikaweka kalamu chini. Sikusema hapana, mi si muntu wa makelele. Nilisema paka hivi: "Baba mukubwa, naomba uniachie karatasi mpaka kesho, nisome pamoya na mama." Akaniangalia, akamuangalia mama, akakunja karatasi mara ine, akaenda bila kumaliza chai yake.

Naandika hii juu naona vijana mingi banafikiri kuko njia mbili tu, kutii kama mbuzi ao kukatala na kufunga mulango kwa nguvu. Kuko ya katikati, kuomba wakati, kuomba kusoma, kuomba sababu, na ile njo ngumu kuliko zote mbili juu inaomba akili na inaomba mudomo yenye adabu. Sasa swali ni kujua wakati gani. Mi natumiaka kipimo moya tu: ukitii na ile amri ikakuwa mubaya, utaweza kurudi nyuma? Kama utaweza, tii mbele, uliza kisha. Kama hautaweza kurudi, uliza mbele, ata kama mwenye kuamuru ni baba, pasta ao burgumesta (mukubwa wa komine). Na pembeni yake kuko swali ingine ndogo: kosa ikitokea, nani atalipa? Mara mingi mwenye kuamuru haiko mwenye kulipa.

Nikupe mufano ya kutii, juu batu banapenda paka mifano ya kukatala. Mama mudogo wangu anakaaka Goma. Tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, siku ya posho (samedi) usiku, volkano ya Nyiragongo ilitapika bila kutoa habari, moto ikashuka mpaka Buhene, ikakuja kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano kisha, tarehe 27, gavana wa kijeshi (Kivu ya Kaskazini ilikuwa imeingia mu état de siège, ni kusema utawala wa baaskari, tangu tarehe 6 ya ule mwezi) akatangaza usiku-usiku kama batu ba kartie kumi ba Goma batoke mara moya, juu moto ilikuwa inatembea chini ya muji mpaka chini ya ziwa. Mama mudogo akanipigia telefone, nasikia batoto banalia nyuma yake, anasema "Wewe ulisoma, niambie, banatutosha juu ya volkano ao banatutosha juu baibe nyumba zetu?" Swali yake haikuwa ya ujinga. Mi mwenyewe sikuwa na jibu.

Nikamuambia atoke. Akatembea na batoto batatu na sufuria moya mpaka Sake, karibu kilometre 25, bakalala mu kanisa, pa ciment, bila maji ya kutosha. Volkano haikutapika tena. Bakarudi mwezi wa 6, na mpaka leo ananitukana kwa upendo juu ya ile safari. Lakini angalia kipimo: kutembea kilometre 25 ni mateso, ila inarudika, unarudi, unafagia nyumba, unaanza tena. Moto ya volkano hairudike. Mu 2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza, ilipita katikati ya muji, na kisha kuko batu balirudia ku stasyo moya kuvuta esansi, ikalipuka nabo. Kwa amri ya vile, saa ya kuuliza ni kisha: kwa nini tarehe 22 hakuna mutu alitupa onyo? Kwa nini batu bakatumwa kwenye hakuna maji? Uliza hii yote, andika, piga kelele kama unataka, ila uliza ukiwa Sake.

Vile vile kwa bidogo-bidogo. Serivisi ya hygiene inapita wakati wa kolera inasema tia klore mu maji, tia. Rulaji (polisi wa barabara) anasema vaa kofia ya pikipiki, vaa, ata kama sura yake haikupendeze. Salongo (kazi ya pamoya ya kusafisha kartie) imeitwa, chukua koleo, kwanza kule njo utasikia habari zote za kartie. Mutoto anatumwa chumvi saa moya ya usiku na hataki kwenda, aende. Mi sina wakati na mutu anafanya mapinduzi juu ya chumvi.

Namna ya kumuuliza muzazi

Hapa njo kwenye batu mingi banakosea, si juu ya swali, juu ya fasi na saa. Usimuulize baba mbele ya bageni. Usimuulize anatoka kazi, viatu iko bado ku miguu. Usianze na "lakini". Ngoja akule, bukari (ugali) ishuke, anawe mikono, kisha unakaa chini kuliko yeye, unasema "Baba, kuko neno nataka unisaidie kuelewa." Kusaidia kuelewa, umesikia? Hakuna baba wa Katanga anakatalaka kusaidia mutoto kuelewa, anaweza kuongea saa mbili. Mu zile saa mbili sababu ya kweli itatoka yenyewe, na mara mingi utakuta ni woga: anakukataza kwenda Kolwezi ku mashimo ya cobalt juu alizika rafiki yake kule, na hakuwahi kukuambia. Sasa unaongea na woga yake, hauongee tena na amri.

Kama anakasirika, nyamaza, pita kwa mutu wa katikati. Kila famiya iko na mutu mwenye baba anasikiaka, kwetu ilikuwa shangazi wa Likasi, mwanamuke mufupi na sauti kama kengele. Unamupelekea neno na sabuni mbili, unamuachia kazi. Haiko woga, ni njia, bakambo ndivyo balifanya.

Na tubahurumie bazazi kidogo. Baba yangu alibatizwa Yozefu. Mu 1972 raisi Mobutu akaamuru majina ya Kikristo itupwe, kila mutu achukue jina ya bakambo. Ku karatasi Yozefu akakufa siku ile. Ku nyumba, kambo aliendelea kumuita Yozefu, polepole, akifunga mulango mbele. Mutu mwenye alikomalia mu nyumba kama ile, mwenye alifundishwa kama jina yake tu inaweza kuleta polisi, ukimuuliza "juu ya nini?" anasikia hatari, hasikie swali. Baba alikuwa anasemaka "hapa kwangu hakuna juu ya nini." Leo naelewa ile neno haikutoka kwake.

Kwenye muzazi hana nguvu ya kuamuru

Sasa ile haizuwie kama kuko bintu vyenye, ata shangazi akija na ngoma, haufanye.

Ndoa. Kodi ya Famiya (Code de la famille, kitabu ya sheria za famiya), ya 1987 yenye ilirekebishwa mu 2016, inasema mwanaume na mwanamuke kila mutu afikishe miaka 18, na kila mutu akubali yeye mwenyewe, na mudomo yake. Mali ya ndoa (mahari) yenye balikula haibadilishe kintu. Kama mutoto wa miaka 15 banamutolea mali, haiko tena habari ya heshima kwa bazazi, ni kosa mbele ya sheria, na wewe yaya ao jirani unaweza kwenda kusema.

Ulozi. Kusema mutoto ni mulozi, kumutosha ku nyumba, kumufungia njaa ku kanisa mpaka "aungame", Konstitisyo ya Congo ya 2006 inakataza wazi mu artikle 41 (artikle zote zenye nitataja hapa zinatoka mule). Hapa mi sina adabu ya kuongeza. Ukiambiwa "mufunge huyu mutoto", usimufunge. Mutoto hana kwa kurudi akisha kuharibika vile.

Masomo. Primaire ya Leta ni ya bure, artikle 43, na tangu 2019 njo ilianza kufanyika kweli. Baba akisema musichana aache masomo juu hakuna makuta, muulize makuta ya nini, labda haelewi kama minerval (makuta ya masomo) ya primaire ilitoka, labda ni habari ya iniforme tu, na iniforme inapatikana.

Na mali ya marehemu. Nirudi kwa baba mukubwa. Asubuyi ile nilienda kuona avoka (wakili) moya wa kartie, mzee, anafanyaka kazi pa meza ya plastiki chini ya muti. Akanifasiria: batoto ba marehemu njo ba kwanza, banapata robo tatu ya mali, sawasawa, musichana na kijana hakuna tofauti, ata mutoto wa inje kama baba alimutambua mbele ya kufa. Mujane, bazazi na bandugu ba marehemu beko mu kundi ya pili, banagabana robo yenye inabakia. Kwa hiyo baba mukubwa alikuwa na kipande ya haki, ila kipande, haiko parseli muzima. Nilirudia ile maneno kwake kisha wiki mbili, na Fanta ya baridi, bila kumuita mwizi. Kumbe alikuwa na deni ya batu ba ku kilio, lile sanduku yenyewe, alikopa, na alipata haya kutuambia. Tulilipa deni pamoya, miezi saba. Kama ningalipiga kelele ile usiku, tungalikuwa na parseli na hatungalikuwa tena na baba mukubwa. Kama ningaliweka mukono, tungalikuwa na baba mukubwa na tungalikuwa tunapangisha kule Kalebuka, pembeni ya muji.

Mbele ya Leta

Na Leta kipimo ni ile ile, ila hapa unaongeza karatasi. Leta bila karatasi ni mutu tu mwenye iniforme.

Nikuonyeshe yenye niliona. Jirani yetu, mama moya muuza sombe, kijana wake mukubwa alisemewa ameiba telefone, akakimbia. Polisi bakakuja, hawamukute, bakachukua mudogo wake wa miaka 19. Mama hakulia, hakutukana. Aliuliza bintu vitatu: mutoto munamupeleka fasi gani, juu ya kosa gani, karatasi iko wapi. Bakamuambia fasi, ya mingine bakacheka. Akabafuata ku mugulu. Kufika kule, akakaa ku mulango, akaomba biki kwa mutu, akaandika mu kiganja cha mukono wa kushoto: saa kumi na nusu. Kila polisi mwenye alitoka alimuonyesha kiganja, "Shefu, bonjour, niliandika saa." Unajua juu ya nini? Artikle 18: banakukamata, bakuambie sababu palepale, mu luga yenye unasikia, uweze kujulisha famiya ao avoka, na polisi haweze kukushika zaidi ya saa 48, kisha akuachilie ao akupeleke mbele ya majistra. Na artikle 17 inasema kosa ni ya mutu mwenye alifanya, hakuna mutu wa kukamatwa juu ya kosa ya mwengine. Mama hakuwa anajua namba za artikle, alisikia paka ku radio kama kuko habari ya saa 48. Kesho yake avoka alikuja, akasema namba, mutoto akatoka, kiganja ya mama ilikuwa bado na wino.

Angalia kama hakukatala bamuchukue. Polisi mwenye silaha anasema twende, unaenda. Haki yako unaibishania ku ofisi, mbele ya batu, na avoka, haubishane ku kona ya giza. Saa 24 mu kasho ni mubaya sana, ila unatoka. Risasi hautoke. Kwa hiyo mwili unatii, mudomo unauliza, telefone ya jirani inapiga foto ya konvokasyo (karatasi ya kukuita) kama iko.

Makuta nayo. Mutu anakuja na kitabu anasema taksi ya hii, taksi ya ile. Kodi lazima ilipwe, artikle 65 inasema ni deni yetu, na mimi naichukiaka mutu mwenye anajificha nyuma ya "haki" juu asilipe. Lakini kodi inatoka mu sheria, artikle 174, na inaacha alama: ulipe ku banki, ushike borderau. Ukisikia "unipe nusu bila resi", ujue ile haiko tena Leta inaongea.

Kuko pia kuuliza kwa kikundi, na hii batu banaisahau kabisa. Ku avenyi yetu balitukusanya dola 20 kila parseli juu ya kabine ya kuran (transfo), miezi ikapita, hakuna kabine, hakuna esabu. Vijana balitaka kuchoma pneu. Tukakatala, tukachukua kaye ya masomo, tukaandika barua, majina 31 na sinyatire, bengine kidole ya wino. Artikle 27 inatupa ruhusa ya kutuma pétition, Leta ijibu mu miezi mitatu, na hakuna kuazibiwa juu umeandika. Siri ni moya: peleka kopi mbili, moya bakupigie muhuri na tarehe, urudi nayo ku nyumba. Bila ule muhuri haujaandika kintu. Jibu ilikuja wiki ya kumi na moya, ya mistari mine, ya kiburi, ila esabu ilikuwa ndani.

Kama unavaa iniforme wewe mwenyewe

Naongea na badogo bangu benye beko polisi, jeshi, ao ofisi ya Leta, juu kwenu njo nguvu ya kutii ni kubwa. Artikle 28 inasema hakuna mutu analazimishwa kutimiza amri yenye inavunja sheria waziwazi, na mutumishi wa Leta anafunguliwa ku deni ya kutii kama amri inakanyaga haki za batu. Muzuri. Lakini soma mpaka mwisho, batu banaishiaka katikati: mwenye kukatala njo lazima aonyeshe kama amri ilikuwa mubaya waziwazi. Kwa hiyo omba amri ku maandiko. "Mon commandant, naomba uniandikie." Amri mingi za bovyo zinakufa pale pale, juu hakuna mukubwa anapendaka kuweka mukono wake ku bovyo.

Na usikatale peke yako kama unaweza kupata wa pili. Ku iniversite tulifundishwa habari ya Stanley Milgram, mu Marekani, mwaka 1961, ku Yale. Aliita banaume 40, akabaambia bapige mutu kuran kila akikosea jibu (kuran ilikuwa ya uongo, na mwenye kulia alikuwa anaigiza, ila bao habakujua), na mutu wa blouse alikuwa anasema tu "endelea". Ku 40, 26 balifika ku kipimo ya mwisho, volti 450. Haikuwa batu babaya, bengine balikuwa banatetemeka na jasho. Ile yenye ilinishika ni ya kisha: wakati baliweka bengine babili pembeni benye banasimama na kukatala, ku 40 babakia paka bane benye balifika mwisho. Mutu akiona mwenzake anasimama, miguu yake inakumbuka kusimama.

Sitadanganya kama ni bure. Hapa hapa Lubumbashi, wakati ingali Élisabethville, mu Desemba 1941, bafanyakazi ba Union Minière, kampuni ya migodi, baliomba tu kuongezewa mushahara. Baaskari bakapiga risasi mu batu. Léonard Mpoyi, musemaji wao, akauawa. Baliuliza kwa adabu, baliuliza kwa kikundi, na balikufa. Bazee ba komine ya Kenya na ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, banajua hii habari kwa bakambo bao. Kwa hiyo mutu akikuambia jirani yako ni muoga juu alinyamaza, muulize kwanza kama anajua bei.

Mi mwenyewe nilipimwa mwezi uliopita na mutoto wangu wa miaka tisa. Nilikuwa nimemufundisha hii yote, nilikuwa na kiburi nayo hata. Siku ya yenga (dimanche) nasikia hodi, nachungulia, ni mutu mwenye ananidai franga za mifuko tatu ya simenti. Nikamuambia mutoto, polepole, "Enda sema papa haiko." Akafika ku mulango, akasimama, akarudi. "Papa," anasema, na sauti yenye ilipita mpaka inje, "nikisema haiko na anajua uko, nani atalipa?"

Nikavaa sapato nikatoka.